Kopo la Mchanga wa Otto

Klik.

Hiyo tu. Kifungo cha mshipi wa Otto kikifungwa kifuani mwake, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, jua la Doha likiwa bado halijakasirika. Mpaka leo nikiisikia klik ile nanyoosha mgongo kama mtoto wa shule aliyesikia kengele. Kabla ya klik, Otto alikuwa mbwa: analala chali, anaiba soksi, anakuletea kiatu kimoja ukitafuta viwili. Baada ya klik alikuwa kazini, na mimi Mishi wa Msambweni, niliyekuja kufagia na kupika, nilitakiwa nimpishe njia kama ninavyompisha mwenye nyumba.

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyeambiwa juzi kwamba macho yako hayako sawa, na tangu hapo hujala vizuri. Majina ya ugonjwa sitakutajia. Daktari atakutajia, nawe utayasahau ukifika kwenye lifti, kama mimi. Shule yangu iliishia kidato cha pili. Tena siandiki kwa mkono: nasema na simu, simu inaandika, halafu rafiki yangu Shiro ananisomea na kuniambia, "Hapa umeropoka." Mengine nimeyaacha hivyo hivyo.

Nyumba ni ya Madam Nadia. Ni Mlebanoni, anafundisha piano, anaishi peke yake ghorofa ya sita pale The Pearl, kando ya bahari, na haoni tangu akiwa mtoto. Otto ni mbwa wake mweusi mkubwa, aliyefunzwa ng'ambo kumwongoza. Siku ya kwanza nilipomwona nilijibana nyuma ya friji. Kwetu mbwa yuko nje, tena kwa jirani. Jioni ile nikampigia mama.

"Mbwa?" mama akasema. "Mbwa ndani ya nyumba?"

"Ndani, mama. Ana na kitanda."

"Subhanallah. Kitanda kizuri ni chako au chake?"

"Chake."

Akaguna. Kisha akasema, "Sikiliza mwanangu. Kazi ni kazi. Akikugusa mkavu nawe mkavu, hapana neno. Akikulamba, osha mara saba, moja kwa udongo. Usinifanyie uvivu huko kwa kuwa sikuoni."

Basi nikatafuta udongo. Shiro ni mlinzi wa jengo letu, mtoto wa Githurai, Nairobi, anakaa pale mapokezi na redio yake ya mkononi. Nilipomwambia nataka mchanga alicheka hadi akakohoa.

"Mishi, umekuja jangwani kuomba mchanga? Si ujisevie!"

"Wa kwenye maua una mbolea. Siuamini."

"Ai, na wa beach? Ukipita kwa maboti, mbele kidogo, kuna kabeach. Nitakuchotea nikitoka shifti, lakini ukiniambia tena ni wa kuosha ulimi wa mbwa nitaanguka."

Aliniletea kopo la maziwa ya unga limejaa. Nikaliweka chini ya sinki. Siku ya pili Madam alilipiga teke, nikalazimika kueleza, nikijua leo nafukuzwa. Akasema, "Bibi yangu alikuwa hivyo hivyo. Liweke mahali ambapo sitavunja kidole." Yakaisha.

Sheria zake zilikuwa chache lakini za moto. Mshipi ukiwa mwilini, Otto haitwi, halishwi, hashikwi kichwa. Na jambo moja alilonikumbusha mara nyingi, kwa sababu kila mtu hulikosea, nami nitakuja kulikosea kuliko wote: mbwa hajui unakokwenda. "Njia iko kichwani mwangu," Madam alikuwa akisema akijigonga paji la uso. "Mimi namwambia kushoto, mimi namwambia mbele. Yeye anaangalia shimo, gari, ngazi. Mimi nikikosea, atakataa. Hiyo ndiyo ndoa yetu."

Nilikuwa nawatazama toka dirishani wakitoka. Mwanamke mwembamba na mbwa mweusi, wanakwenda kasi kunishinda mimi mwenye macho mawili. Nilikuwa nikijiambia, nikifungua mkahawa wangu Msambweni, wenye viti vya rangi ya machungwa na feni zisizopiga kelele, Madam atakuja na Otto nimpe meza ya mbele. Mimi ni mtu wa ndoto. Nikipika wali nakuwa nimeshafungua matawi mawili.

Ugonjwa wangu ulianza msimu wa baridi, ile baridi ya mwezi wa kwanza ambayo sisi watu wa pwani tunavaa soksi mbili nao wenyeji wanatandika mikeka nje wakifurahi. Jicho la kulia likawa jekundu. Nikadhani sabuni. Likaja la kushoto. Mwanga ukawa kama pilipili. Nikifungua pazia machozi yanatoka yenyewe. Kisha vitu vyeusi vikaanza kuogelea mbele yangu kama viluwiluwi, na nyuma yake moshi. Nikaosha kwa maji ya chai. Nikaosha kwa maji ya chumvi. Wewe usifanye. Nenda hospitali siku ya kwanza, uniache mimi na chai yangu.

Mbona sikusema? Niliogopa. Nilimjua msichana mmoja aliyeumia mgongo, baada ya wiki mbili yuko uwanja wa ndege na begi lake. Mfanyakazi asiyeona ni wa nini? Nikawa najificha. Tena najificha kwa nani? Kwa mtu asiyeona! Nikajiona mjanja kweli.

Wiki ya tatu nilikuwa nabeba kahawa kutoka jikoni. Otto, akiwa hana mshipi, alisimama katikati ya mlango, akanikinga kwa ubavu. Nikamwambia atoke. Hakutoka. Nikamzunguka, nikakikanyaga kibao cha kupigia pasi nilichokiacha mwenyewe sakafuni, kahawa ikaenda na vikombe vyake.

Madam alikuwa kwenye piano. Hakuuliza kuhusu vikombe.

"Mishi, tangu lini unapapasa ukuta?"

"Sipapasi, Madam."

"Siku kumi sasa nasikia kiganja chako kwenye rangi. Sss, sss, toka chumbani mpaka jikoni. Zamani ulikuwa unatembea katikati." Akafunga piano. "Unaona nini? Usinidanganye. Mimi ndiye mtu wa mwisho wa kudanganywa kwa hili."

Nikalia kama mtoto. Otto alikuja akaniwekea kichwa chake kizito juu ya goti, akanilamba mkono wote mpaka kiwiko. Mara saba, moja kwa mchanga. Siku ile nilioshea na machozi.

Chumba cha kusubiri cha macho, kama hujakijua bado, utakijua. Watu wamefunikwa jicho moja, wengine wanainamisha kichwa kwa ajili ya taa. Namba zinatokea ukutani, nawe huzioni, ndiyo maana umekuja. Mlangoni walituweka nusu saa wakipigiana simu kuhusu mbwa. Ndani, Otto akalala chini ya kiti cha Madam, na viti vya pembeni vikabaki vitupu. Nikashukuru, niliweza kunyoosha miguu.

Muuguzi akaja, akamshika Madam mkono kwa upole. "Karibu, mgonjwa. Msindikizaji wako anaweza kuja nawe."

"Msindikizaji ni mimi," Madam akasema. "Mgonjwa ni huyu."

Yule dada wa watu akatutazama, nadhani, mmoja mmoja hadi kwa mbwa. Kisha akasema, "Basi nifuateni wote watatu," na nyuma yangu mama mmoja wa Kiarabu akacheka, kicheko kizuri, akasema "Mashallah, mashallah." Nami nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka mwezi ule. Usijinyime kucheka hospitalini, hawatozi.

Daktari alikuwa mama wa Kisudani mwenye harufu ya udi. Alinipa matone meupe ya kutikisa, kila saa moja nikiwa macho, na mengine ya kuchoma mara mbili kwa siku. Madam akaweka kengele kwenye simu yake. Ikilia anaita, "Mishi! Macho!" Otto naye akazoea, kengele ikilia anakuja kukaa miguuni kwangu. Wiki moja, moshi ukapungua. Wiki ya tatu nikayaona tena maboti, na meno ya Shiro. Nikampigia mama, tukapiga vigelegele kwa simu, huku Doha kule Msambweni.

Kisha Ramadhani ikaingia.

Hapa nisome polepole. Mimi tangu mtoto najua kwamba kitu kikiingia mwilini, umefungua. Na yale matone nikiyatia nilikuwa nayasikia kooni, machungu. Nikajiambia, Mishi, hii si saumu. Sikumuuliza daktari. Sikumuuliza mama. Nilikuwa nimepona kidogo, nikajiona nina deni la shukrani kwa Mwenyezi Mungu, nitamlipaje na saumu yenye matone? Basi kengele ya Madam ikilia mchana nilikuwa naitikia "Tayari, Madam!" na kichupa kiko mezani kimefungwa. Natia magharibi, natia wakati wa daku, khalas. Otto alikuwa anakaa miguuni kwangu kila saa akisubiri nimalize jambo ambalo sikulianza.

Nilifunga siku kumi na sita. Ya kumi na saba niliamka nikadhani umeme umekatika.

Daktari aliniuliza kwa sauti ndogo, "Uliacha dawa?"

"Mchana tu, daktari. Nilikuwa nimefunga."

Nikasikia anaweka kalamu. "Nami nimefunga, binti yangu. Matone ya macho hayabatilishi saumu. Na hata yangebatilisha, wewe ni mgonjwa. Nani alikwambia uache?"

"Hakuna. Nilijiambia mwenyewe."

Baadaye mama alimwendea maalim wa mtaa wetu, naye akasema kama daktari, neno kwa neno. Kuuliza kulihitaji dakika mbili. Ukitoka na jambo moja tu katika maandishi yangu, toka na hilo: uliza.

Walinichoma sindano pembeni ya jicho. Haiumi kama unavyodhani, kinachouma ni kuisubiri. Walinipa vidonge vingi vya asubuhi. Vidonge vile vilinivimbisha uso ukawa kama mkate wa kumimina uliozidi hamira; nikijishika mashavu nahisi ya mtu mwingine. Vilinipa na njaa. Nilikula saa nne, saa sita, saa nane, nikamaliza tende za futari za watu watatu. Ndevu kidogo zikaniota kidevuni. Shiro alizinyoa pale mapokezi akisema, "Tulia, mzee." Alikuwa anapanda kila akimaliza shifti, ananipanga vichupa vya dawa kwa mipira ya nywele: mmoja kwa matone meupe, miwili kwa yale ya kuchoma. Hiyo pia ichukue, itakusaidia.

Mama hakuwa na furaha. Kila jioni ni lile lile.

"Rudi nyumbani. Nitakuogesha, nitakulisha, utakaa barazani."

"Mama, mimi si mtoto mchanga."

"Ni yule mbwa. Manyoya yake. Nilikwambia."

"Hukuniambia hivyo. Ulisema kazi ni kazi."

"Nilisema hivyo ulipokuwa na macho!"

Nikakata simu. Sijawahi kumkatia mama simu kabla ya siku ile. Wala usidhani mapenzi yanazuia ugomvi kwenye ugonjwa, yanauleta.

Joto likaja. Mwezi wa tano, wa sita, Doha inakuwa kama kufungua mlango wa tanuri. Otto alikuwa anatoka na viatu vyake vinne vya mpira, maana sakafu ya nje inachoma. Kabla ya kutoka, Madam huinama akaweka mgongo wa mkono chini na kuhesabu. Asipofika saba, hawatoki bila viatu. Mimi nilikuwa nabaki ndani. Naosha vyombo kwa kupapasa, nakunja nguo, nalia kidogo, naota kidogo. Ndani ya ndoto zangu bado nilikuwa naona.

Madam hakuwa mtu wa kubembeleza. Siku moja, tukila, alisema, "Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi wa kumi. Sitakuweka kwa huruma, Mishi. Nguo zinakunjwa kwa mikono, wali unapikwa kwa pua. Hilo halinitishi. Lakini siwezi kuwa na mtu ambaye akitoka mlangoni lazima afuatwe. Tukiwa wawili wa kufuatwa, tumekwisha."

"Na nikishindwa?"

"Utakwenda kwa mama yako, nami nitakukosa sana." Akaendelea kula.

Maneno yale yalinikaa kifuani. Ndiyo yaliyonifanya nifanye ujinga ambao nauandika nikiona aibu hata sasa.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa sita, saa mbili. Madam alikuwa na mwanafunzi kwenye piano, mtoto anarudia wimbo mmoja na kukosea palepale. Otto amelala mlangoni. Nikafikiri: Madam anatoka kwa sababu ana Otto. Mimi nikiwa na Otto, nitatoka. Nikauchukua mshipi msumarini, nikaupapasa, nikamvika. Klik. Hata yeye alishangaa, nilisikia mkia umeacha kugonga sakafu. Nikashika mpini wa mshipi, tukashuka.

Nje, joto likanipiga usoni. Nikasema, "Otto, twende kwa beach." Hakusogea. "Otto, baharini. Kule Shiro anakochota mchanga." Hakuna. Nikasema "Mbele!" kama Madam, akaenda mbele. Nikafurahi! Nikasikia upepo, nikasikia kamba za maboti zinagonga milingoti, nikajiona tayari nina mkahawa. "Mbele!" Akaenda. Kisha sikujua tena. Kushoto au kulia? Nikazunguka. Nikapoteza jua lilikuwa upande gani. Sauti ya piano haipo, mlango haupo. Nikasema, "Otto, nyumbani," naye akasimama tu, akingoja nimwambie njia. Njia ilikuwa kichwani mwa Madam, na Madam yuko juu.

Nikaogopa, na woga ukageuka hasira. "Mbele!" Akakataa. Nikausukuma mpini. Akajiweka mbele yangu mzima mzima, ubavu kwenye magoti yangu, akanizuia. Nikamfokea kwa Kidigo, kwa Kiswahili, kwa lugha zote. Hakuondoka. Nikasikia makucha yake: tik, tik. Tik, tik. Anainua mguu huu, anaushusha, anainua ule. Sikuelewa. Namfokea, naye anainua miguu.

"Wee Mishi! Simama hapo hapo!" Ilikuwa sauti ya Shiro, anakimbia, redio inamgonga kiunoni. "Usikanyage! Wametoa chuma za kando wanarekebisha, hapo mbele ni maji!" Akanishika bega, anahema. Kisha akasema polepole, "Manze, Mishi. Hana viatu."

Niliinama nikagusa chini kwa mgongo wa mkono. Sikufika tatu.

Shiro alimbeba Otto, mbwa mzito vile, mpaka kwenye lifti. Madam alikuwa amesimama mlangoni. Alishausikia msumari hauna mshipi, jinsi unavyosikika ukuta mtupu kwa watu kama yeye. Alipiga magoti akamshika Otto miguu yote minne, mmoja mmoja. Otto alilia kidogo kwenye wa tatu.

"Umechukua macho yangu," akaniambia. Hakupaza sauti. "Wewe. Wewe ambaye unajua."

Nikaenda kutafuta beseni na maji.

Daktari wa wanyama alisema siku kumi asifanye kazi. Siku kumi Madam hakutoka nje. Wanafunzi walimjia, chakula kililetwa mlangoni. Siku kumi nilikaa sakafuni na beseni la maji ya vuguvugu, natumbukiza mguu mmoja, naukausha, napaka dawa, nafunga kitambaa, naanza mwingine. Kila nikimaliza Otto ananilamba mikono. Alikuwa hajaniwekea kinyongo hata cha saa moja. Nilikuwa naosha mara saba asubuhi, mara saba mchana, mara saba jioni. Kopo likashuka nusu.

Siku ya nne nikampigia mama, nikamweleza yote bila kuficha. Nilitegemea aseme rudi. Nikasikia kuku wetu nyuma yake.

"Alisimama juu ya moto?" akauliza.

"Ndiyo mama."

"Mbele yako?"

"Ndiyo mama. Na mimi namtukana."

"Hiyo miguu unaipaka nini?"

"Dawa ya hospitali yao."

"Ikikauka, mpake na mafuta ya nazi. Yale niliyokupa, si ya dukani." Tangu siku ile hakutaja tena manyoya. Akipiga simu anauliza, "Na mwenzio hajambo?" nami najua anamwuliza nani.

Siku ya kumi na moja Madam aliniita barazani. Akanitilia mkononi kitu kirefu cha kukunja, chepesi, chenye mpira kwenye mpini ulioliwa na vidole. Ilikuwa fimbo yake nyeupe ya zamani, ya kabla ya Otto.

"Otto ni wangu," akasema. "Hata ungempata wako, angehitaji mtu anayejua anakokwenda. Tunaanza na korido."

Joto lote lile tulikuwa kwenye korido. Fimbo kushoto mguu wa kulia ukienda, fimbo kulia mguu wa kushoto ukienda. Nilimpiga jirani kwenye kifundo. Niliingia lifti iliyokuwa imejaa watu nikawatomasa wote. Madam ana mdomo mkali: "Unatafuta njia au unafagia?" Mwezi wa nane tukashuka kwa mapokezi. Mwezi wa tisa, jua likishatua kidogo, tukatoka nje watatu: yeye na Otto mbele, mimi nyuma nikifuata makucha na kuhesabu. Hatua sitini na mbili mpaka kwenye kamba za maboti. Hapo kata kulia. Hatua arobaini, sakafu inabadilika kuwa mbao. Nikawa naiweka njia kichwani, kipande kwa kipande, kama mtu anayepanga sufuria.

Daktari naye akapunguza vidonge, uso wangu ukanirudia. Jicho la kushoto limelala, halitaamka. La kulia linajua mchana na usiku, na kitu kikubwa kikipita linajua kimepita. Daktari alisema hapo ndipo patakapobaki. Nilidhani nitalia. Nilimwuliza kama anapenda viti vya rangi ya machungwa, akacheka, akasema anapenda.

Nimebakisha siku moja ya kukusimulia.

Mwezi wa kumi, siku nne kabla ya mkataba kwisha, upepo wa kwanza wa ubaridi ukaingia dirishani. Madam alikuwa na yule mtoto wake wa piano, sasa hakosei tena pale, amehamia kukosea kwingine. Otto hana mshipi. Nilikuwa nakata vitunguu, akaja akanilamba mkono, taratibu, kama mtu anayesalimia. Nikaenda kwa sinki, nikafungua kopo. Vidole vikagonga bati. Tupu.

Ilikuwa siku ya mapumziko ya Shiro, amelala kwao. Nikasimama. Otto akakaa miguuni kwangu, akisubiri kama alivyokuwa akisubiri kengele ya matone.

"Wewe kaa," nikamwambia. "Leo huji."

Nikaosha mkono kwa maji kwanza, nikavaa buibui na viatu, nikachukua kopo na fimbo. Sikumwambia mtu. Lifti, kitufe cha chini kabisa, chenye nukta. Mapokezi, mlinzi mgeni akasema "Dada, nikusaidie?" nikasema, "Hapana, naenda kuchota mchanga," akabaki na hilo. Hatua sitini na mbili. Kamba, ting ting. Kata kulia. Hatua arobaini, nikafika mahali napajua hata nikiwa nimelala. Fimbo yangu ikagonga chuma kipya walichorudisha. Hata kabla haijagonga miguu yangu ilikuwa imeshasimama. Nikaweka mkono pale, nikakaa dakika moja, nikaendelea.

Mbao. Ngazi tatu. Kisha chini pakalainika, viatu vikazama. Nikainama, nikajaza kopo mpaka juu, nikalifunga, nikalitikisa kusikia kama limejaa sawasawa. Nikageuka, nikazihesabu zote kinyumenyume.

Piano ilinyamaza nilipofungua mlango.

"Ulikuwa wapi?" Madam akauliza.

"Mchanga ulikuwa umekwisha."

"Nani alikupeleka?"

"Hakuna, Madam."

Akasema, "Kesho nitahitaji pasipoti yako. Wanaitaka kwa mkataba mpya." Na kwa mtoto: "Kutoka mwanzo, habibti, na safari hii polepole."

Nikaenda kwa sinki. Nikafungua kopo, nikaosha mkono: mara moja kwa mchanga, mara sita kwa maji, nikihesabu kila moja. Nikaukausha kwa taulo safi. Nikaliweka kopo mahali pake, mahali ambapo Madam hatavunja kidole.

Otto akanyoosha shingo, akanilamba tena, kuanzia kiganja.

Nikafungua kopo upya.